Mlinzi wa Joto Katika Motokaa

Mtu akishikwa na homa na kwenda hospitali, mganga hutwaa kipimajoto akakitia kwapani mwa mgonjwa au chini ya ulimi wake. Hakiweki juu ya shati, wala hakiweki katika ncha za vidole. Je, mwajua sababu yake? Kipimajoto ni mtumishi mwaminifu, lakini ni mtumishi asiyetembea. Husema joto la mahali pale kilipo, wala hakijui habari za mahali pengine. Mtu aweza kuwa na homa ya digrii 40, na huku vidole vyake ni baridi. Kipimajoto kikiwekwa vidoleni kitasema kweli juu ya vidole. Lakini mganga akisadiki kwamba hiyo ndiyo hali ya mwili mzima, atamrudisha mgonjwa nyumbani bila dawa, na pengine mgonjwa atakufa.

Katika somo hili tutajifunza habari za kipimajoto kingine. Ni kidogo, kiasi cha kidole gumba, nacho kimefichwa ndani ya motokaa. Kazi yake ni kuangalia joto la maji yanayopoza injini, na kuamsha feni ya umeme joto linapozidi. Mafundi wengine hukiita swichi ya feni, na wengine hukiita sensa. Sisi tutakiita mlinzi wa joto, maana kazi yake ni ulinzi. Tutatazama jinsi mlinzi huyu afanyavyo kazi, kisha tutatafuta jawabu la swali moja kubwa: asimame wapi?

1. Mlima wa kutoka Kabwe

Kabwe ni bandari ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Ziwa limelala katika bonde refu, na uso wa maji yake uko kama meta 770 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki imeinuka nchi ya juu ya Ufipa. Mji wa Sumbawanga, ulioko huko juu, umepita meta 1,700. Basi motokaa itokayo Kabwe na mzigo wa samaki kwenda Sumbawanga haiendi mbele tu, bali hupanda juu karibu kilometa nzima.

Mtu apandaye mlima na gunia kichwani huhema na kutoka jasho. Motokaa nayo hupata taabu kama yeye. Dereva huingiza gia ya kwanza au ya pili. Injini hulia kwa nguvu, na magurudumu huenda polepole. Hapo mambo mawili mabaya hukutana. La kwanza, injini inachoma petroli nyingi, kwa hiyo inazaa joto jingi. La pili, kwa kuwa mwendo ni wa polepole, upepo unaopita mbele ya motokaa ni mdogo. Joto limezidi, na upepo wa kulipoza umepungua. Ndiyo sababu madereva hujua kwamba motokaa huchemsha mlimani kuliko mahali tambarare.

2. Safari ya maji

Ndani ya silinda za injini petroli huwaka kwa joto lipitalo digrii 2,000. Chuma huyeyuka kwa digrii 1,500 hivi, na alumini, ambayo hutumiwa sana katika injini za siku hizi, huyeyuka kwa digrii 660. Twaona basi kwamba injini isipopozwa haiwezi kudumu. Katika joto lote lizaliwalo na petroli, kiasi cha theluthi moja au pungufu hugeuka kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu. Sehemu kubwa hutoka pamoja na moshi, na sehemu nyingine kubwa lazima ichukuliwe na maji.

Hapo mwanzo maji yalipotea bure. Karl Benz wa Ujerumani alipata hati ya kuunda motokaa yake mwaka 1886, na maji ya injini yake yalichemka na kwenda hewani kama mvuke. Mwaka 1888 mkewe, Bertha Benz, alisafiri kwa motokaa ya namna hiyo pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim hata Pforzheim, safari ya kilometa mia moja hivi, na mara kwa mara ilimpasa kusimama njiani kutafuta maji. Siku hizi maji hayatupwi. Huzunguka na kutumika tena na tena.

Tufuate safari yake. Pampu huyasukuma maji ndani ya injini, nayo huzunguka silinda na kupanda mpaka kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Hapo pana joto kuu. Kisha maji ya moto hutoka kwa mpira wa juu na kuingia katika rejeta. Rejeta ina mirija mingi myembamba, na kati ya mirija mna mabati membamba sana yanayopitisha upepo. Maji hupita mirijani yakitoa joto lake kwa upepo, hata yafikapo upande wa pili yamepoa. Mwisho hurudi kwa mpira wa chini mpaka kwenye injini, na safari huanza tena.

Njiani mna mlango mmoja uitwao themostati. Katika mlango huu mna nta. Injini ikiwa baridi, nta huwa ngumu na mlango hufungwa. Maji huzunguka ndani ya injini tu, ili ipate moto upesi. Joto lifikapo digrii 82 hivi katika motokaa nyingi, nta huyeyuka, hutanuka, na kuusukuma mlango ufunguke kidogo kidogo. Ndipo maji yanapopata ruhusa ya kwenda kwenye rejeta. Ukumbukeni mlango huu, maana tutaurudia.

3. Feni na mlinzi wake

Upepo usipotosha, feni huuvuta kupitia rejeta. Zamani feni ilizungushwa na mkanda uliofungwa kwenye injini yenyewe. Feni ya namna hiyo huzunguka hata asubuhi ya baridi isipohitajiwa; na injini ikipunguza mwendo, nayo hupunguza. Baadaye motokaa nyingi ndogo ziliundwa na injini iliyolazwa kwa upana, hata mkanda usiweze kuifikisha nguvu mbele ya rejeta vizuri. Kwa hiyo feni ikapewa mota yake ya umeme. Feni ya umeme yaweza kulala na kuamka. Lakini alalaye huhitaji mtu wa kumwamsha, na hiyo ndiyo kazi ya mlinzi wa joto.

Walinzi wako wa namna mbili. Wa kwanza ni swichi. Ndani yake mna kisahani kilichofanywa kwa madini mawili yaliyoambatanishwa. Madini hayo hayatanuki sawasawa yapatapo moto; moja hutanuka kuliko jingine, na kwa hiyo kisahani hupinda ghafula, kikaunganisha au kukata njia ya umeme. Wa pili hana kisahani. Ana punje ndogo ambayo huruhusu umeme kupita kwa urahisi zaidi kadiri joto lizidivyo. Kompyuta ya motokaa husoma umeme huo, ikatambua joto, ikaamua kuamsha feni au kuiacha.

Mlinzi wa swichi ana namba mbili, ya kuamsha feni na ya kuilaza. Katika motokaa nyingi za Toyota zilizoundwa miaka ya 1980 na 1990, feni huamshwa karibu na digrii 93, wala hailazwi mpaka maji yameshuka karibu na digrii 83. Nafasi hiyo ya digrii kumi ina maana yake. Kama namba ingekuwa moja tu, feni ingeamka na kulala kila dakika, na swichi ingekufa upesi.

Tena katika motokaa hizo za Toyota mna jambo la busara. Swichi huunganisha umeme ikiwa baridi, na huukata ikiwa moto. Kukatika huko ndiko kunakoamsha feni. Basi waya wa swichi ukikatika njiani, feni huzunguka bila kukoma. Walioiunda waliona kwamba ni afadhali feni izunguke bure kuliko injini iungue. Katika motokaa nyingi nyingine mambo ni kinyume: swichi huunganisha ikiwa moto, na waya ukikatika feni hailii tena. Kwa hiyo fundi mwema huuliza kwanza ni swichi ya namna gani kabla hajaibadili.

4. Mahali patatu pa mlinzi

Sasa twaja kwa swali letu. Waunda motokaa humweka mlinzi wa joto katika mojawapo ya mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni pale maji yatokapo katika rejeta, baada ya kupozwa. Mlinzi asimamaye hapa hupima kazi ya rejeta. Motokaa ikikimbia katika njia tambarare, upepo huyapoza maji vya kutosha. Mlinzi huona maji yaliyopoa, na feni hulala. Lakini motokaa ikipanda mlima polepole, maji hutoka yakiwa na moto bado. Hapo mlinzi hujua kwamba upepo hautoshi, na huiamsha feni. Mahali hapa ni pazuri sana kwa swichi ya feni, kwa kuwa mlinzi hajibu ila lile swali moja linaloihusu feni: je, maji yamepoa au hayakupoa?

Mahali pa pili ni pale maji yaingiapo katika rejeta, karibu na mpira wa juu. Hapa mlinzi hupima maji yale yale yaliyotoka katika injini. Maji hayo ni ya moto siku zote, maana themostati haiyaachii mpaka yamefika digrii 82 hivi, wala haifunguki kabisa mpaka yamekaribia digrii 95. Kwa hiyo mlinzi wa hapa sharti awe na namba kubwa zaidi. Akiwa na namba ndogo, ataamsha feni hata pasipo haja, na feni haitapata kulala.

Mahali pa tatu ni kichwani mwa injini, au karibu nacho, kabla ya mlango wa themostati. Motokaa nyingi za siku hizi zimemweka hapo mlinzi wa punje, na habari zake hutumiwa na kompyuta kwa kazi nyingi pamoja: kupima petroli, kuonyesha joto mbele ya dereva, na kuamsha feni.

Kutokana na hayo twapata kanuni ya kwanza: mahali na namba huenda pamoja. Maji yaingiapo na maji yatokapo katika rejeta hupitana kwa digrii kadhaa, pengine kumi au zaidi. Tufanye fundi ana swichi ya digrii 87 iliyoundwa kwa ajili ya chini, naye akaifunga juu. Feni itazunguka mchana kutwa. Na akichukua swichi ya digrii 100 iliyoundwa kwa ajili ya juu, akaifunga chini, je? Wakati maji yaliyopozwa yafikapo digrii 100, maji yaliyomo kichwani mwa injini yamekwisha pita hapo zamani. Mlinzi atapiga kelele mwizi akiwa amekwisha ondoka na mali.

Kanuni ya pili ni hii: mlinzi asimame ndani ya maji yanayopita. Mvuvi wa Kabwe hatupi wavu wake popote. Huutupa pale samaki wapitapo. Vivyo hivyo mlinzi wa joto awekwe pale maji yapitapo siku zote, si katika kona ambayo maji yamesimama tu.

5. Makosa ya kumweka mlinzi

Makosa yaonekanayo mara nyingi ni matano.

Kosa la kwanza ni kumchomeka mlinzi katikati ya mabati ya rejeta, kwa nje, ili kuepuka kazi ya kutoboa na kukaza. Mlinzi wa namna hiyo hayagusi maji hata kidogo. Hugusa bati, na bati hilo linapigwa na upepo. Ni sawasawa na kipimajoto kilichowekwa juu ya shati. Vivyo hivyo mlinzi afungwaye kwa waya juu ya mpira: mpira hupitisha joto polepole, na habari humfikia kwa kuchelewa.

Kosa la pili ni kumweka juu kabisa, mahali hewa ikusanyikapo. Mkono wako waweza kukaa kitambo kidogo juu ya jiko bila kuungua, lakini ukiutia katika maji yachemkayo utaungua papo hapo. Hewa hutoa joto lake polepole kuliko maji. Mlinzi aliyezungukwa na hewa hukawia kusikia hatari. Tena maji yakipungua kwa sababu ya tundu katika mpira, mlinzi wa juu ndiye wa kwanza kuachwa mkavu. Injini yaungua, naye asema mambo ni salama. Kwa hiyo dereva asitegemee mlinzi tu. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, atazame maji.

Kosa la tatu ni kumweka mlinzi wa pekee mbele ya mlango wa themostati, upande wa rejeta, na kudhani kwamba anaona habari zote. Themostati ikifa imefungwa, maji ya moto hayatoki katika injini. Mlinzi aliye kwenye rejeta hukaa katika maji baridi na kunyamaza. Ni kweli kwamba hata kama angeiamsha feni, haingesaidia kitu, maana maji hayafiki kwenye rejeta. Lakini dereva sharti ajue, ili asimame. Ndiyo sababu motokaa zenye swichi ya feni kwenye rejeta huwa na kipimajoto cha pili katika injini, kinachoonyesha joto mbele ya macho ya dereva. Mmoja huiambia feni, na wa pili humwambia mtu.

Kosa la nne ni dogo kwa macho, lakini huwasumbua mafundi wengi. Swichi nyingine zina waya mmoja tu. Umeme huingia kwa waya huo na kutoka kwa mwili wa swichi, kupitia meno yake ya kukazia, mpaka kwenye chuma cha injini. Fundi akiyazungushia meno hayo utepe mweupe wa mabomba kwa wingi ili maji yasivuje, aweza kuikata njia ya umeme. Na akiikaza swichi hiyo katika tangi la plastiki, umeme hautakuwa na pa kupita kabisa. Swichi ni nzima, waya ni mzima, na feni haiamki.

Kosa la tano ni kumfukuza mlinzi. Feni isipoamka, mafundi wengine huiunganisha moja kwa moja na umeme wa motokaa, ili izunguke kila injini iwashwapo. Tena huing'oa themostati na kuitupa. Wenye motokaa hufurahi, kwa kuwa haichemshi tena. Lakini injini hiyo sasa ni baridi kupita kiasi. Petroli haiwaki vizuri, nayo huliwa nyingi. Mafuta ya injini hukaa mazito, na vyuma husuguana. Na mota ya feni, iliyoundwa kwa kazi ya vipindi, huchoka mapema. Siku mota hiyo ikifa mlimani, hapana mlinzi wa kusema neno. Mtu asifukuze mlinzi kwa sababu alisinzia mara moja. Atafute kwanza kwa nini alisinzia.

6. Maji ya Ufipa

Wakazi wa Ufipa wana sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Tumefundishwa kwamba maji huchemka kwa digrii 100. Hiyo ni kweli pwani ya bahari. Kadiri tupandavyo juu, uzito wa hewa inayoyakandamiza maji hupungua, na maji huchemka mapema zaidi. Kabwe, ukingoni mwa ziwa, maji huchemka kwa digrii 97 hivi. Sumbawanga huchemka kwa digrii 94 hivi. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva katika nchi za juu, hata sufuria ikitokota kwa nguvu.

Sasa fikirini habari za motokaa. Kama maji yake yangekuwa wazi kama maji ya sufuria, Sumbawanga yangechemka kwa digrii 94, na mlinzi wa digrii 93 angekuwa na digrii moja tu ya kutoa habari. Mlinzi wa digrii 100 asingetoa habari kabisa; maji yangekuwa mvuke kabla ya zamu yake. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko huu una springi na mpira, nao huyakandamiza maji yasichemke mapema. Mfuniko mzuri huongeza digrii ishirini na zaidi. Lakini mpira wake ukipasuka, ulinzi huo hupotea, na namba za mlinzi hazifai tena. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, lakini kazi yake ni kubwa.

Kwa sababu hiyo hiyo mfuniko usifunguliwe kamwe injini ikiwa moto. Ukiulegeza, mkandamizo huondoka mara moja, na maji yaliyopita digrii 100 huruka kwa mvuke na kumwunguza mtu uso na mikono. Wala usiweke vidole karibu na feni ya umeme, hata kama injini imezimwa. Katika motokaa nyingine mlinzi aweza kuiamsha wakati wowote.

Liko jambo jingine ambalo fundi wa Ufipa apaswa kulijua. Ili kujaribu swichi, mafundi huitundika katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, huiunganisha na betri na taa ndogo, kisha huyapasha maji moto polepole. Taa ikiwaka au kuzimika, husoma joto. Jaribio hilo ni zuri. Lakini tufanye swichi imeandikwa digrii 95, na fundi yuko Sumbawanga. Maji yake yatachemka kwa digrii 94, na hata akiongeza kuni hayatapanda zaidi. Taa haitabadilika. Fundi asiyejua ataitupa swichi nzima na kununua nyingine, na ile nyingine nayo ataitupa. Fundi ajuaye hutumia mafuta ya kupikia mahali pa maji, akiyapasha moto kwa uangalifu mkubwa na mbali na watoto, kwa kuwa mafuta hupita digrii 100 bila kuchemka.

7. Motokaa mbili

Tufanye kwamba motokaa mbili za namna moja zinatoka Kabwe alfajiri, kila moja imebeba masanduku ya migebuka iliyowekwa barafu. Mwenye samaki katika kila motokaa ni mama mmoja aliyekopa fedha ili anunue mzigo. Injini ni sawa, rejeta ni sawa, na feni ni sawa. Tofauti ni moja tu. Katika motokaa ya kwanza mlinzi amekazwa mahali pake, chini ya rejeta, ndani ya maji. Katika ya pili amechomekwa kati ya mabati, kwa nje.

Katika njia tambarare kando ya ziwa hapana tofauti. Upepo unapita, na feni zote mbili zimelala. Mlima unaanza, gia zinashuka, na maji yanapata moto. Katika motokaa ya kwanza mlinzi anaisikia digrii yake, na feni inaamka kwa sauti. Baada ya kitambo inalala. Kwenye kona kali inaamka tena. Dereva hana habari nayo.

Katika motokaa ya pili mlinzi anapigwa na kijiupepo cha mlimani, akaona bado ni salama. Maji yanapanda digrii 100, na 110. Mvuke unafoka. Dereva anasimama, lakini amechelewa: silinda hedi imepinda kwa joto, na gasketi iliyo chini yake imeungua. Motokaa yavutwa kwa kamba mpaka mjini. Barafu yayeyuka, samaki waoza, na yule mama yarudi kwake deni bila mali. Gharama ya yote hayo ilitoka katika upana wa vidole vichache kati ya mahali pafaapo na mahali pasipofaa.

8. Fundisho

Tumejifunza kwamba mlinzi wa joto hasemi uongo. Husema kweli siku zote, lakini kweli ya mahali alipo. Kazi ya fundi ni kumsimamisha pale ambapo kweli hiyo yatakiwa: ndani ya maji, maji yanayopita, na namba yake ikilingana na mahali pake. Baada ya hayo, dereva naye afanye sehemu yake: atazame maji kila asubuhi, auangalie mfuniko, na jicho lake lisiwe mbali na kipimajoto kilicho mbele yake apandapo mlima.

Wako miongoni mwenu watakaokuwa mafundi na madereva. Siku mtakapoletewa motokaa ambayo feni yake haiamki, msikimbilie kuitupa swichi. Ulizeni kwanza: mlinzi huyu amesimama wapi, naye anaona nini kutoka hapo?

Maswali

1. Kwa nini mganga haweki kipimajoto juu ya shati la mgonjwa?
2. Taja mambo mawili yafanyayo injini ipate moto sana mlimani.
3. Eleza kazi ya nta katika mlango wa themostati.
4. Kwa nini swichi ya feni huwa na namba mbili wala si moja?
5. Swichi ya digrii 100 iliyoundwa kwa mahali pa juu ikifungwa chini ya rejeta, patatokea nini?
6. Kwa nini swichi ya digrii 95 haiwezi kujaribiwa Sumbawanga kwa sufuria ya maji matupu?
7. Andika habari fupi ya jambo lolote uliloliona nyumbani au shambani, ambalo mlinzi au alama iliwekwa mahali pasipofaa.